Kwa Sababu Alisema "Mutu"

Siku yangu ya kwanza kazini, karani mkuu wa mahakama mjini Kasese, magharibi mwa Uganda, aliniapisha kabla hata sijaketi. Mkalimani, alinieleza, husimama kati ya hakimu na mtu asiyeelewa lugha ya mahakama, yaani Kiingereza. Husema kilichosemwa, bila kuongeza wala kupunguza. "Wewe ni mdomo tu. Maoni yako yaache nyumbani." Niliyaacha miaka mingi.

Katika miaka ya 2010 nilihamishiwa mahakama ndogo upande wa Bwera, karibu na mpaka wa Kongo. Hapo akaletwa Masika, mjane wa kijiji cha Karambi, muuza maharage, ameshtakiwa kuwa mgeni asiye na kibali. Kitambulisho hakuwa nacho. Waandikishaji walikuwa wamemrudisha mara mbili.

"Mimi niko mutu wa Karambi," alisema. "Baba yangu iko kaburini kule kule."

Mwendesha mashtaka, yaani afisa wa polisi anayeisemea serikali, akacheka. "Mheshimiwa, umesikia? Mutu! Raia wa Uganda hawezi sema hivyo. Huyu ni wa Kongo."

Hivyo ndivyo alivyosema mama yangu, Mkonzo wa kule Kyarumba, na ndivyo ninavyosema mimi.

"Mheshimiwa, hata mimi niko mutu," nikasema. "Basi na mimi mnifunge!"

Hakimu akagonga meza. "Mkalimani! Nani amekuuliza?"

Kabla sijajibu, koplo aliyelinda mlango, mtu mpole wa kabila la Wateso, akapiga saluti. "Mheshimiwa, mimi nilikuja hapa kutoka Soroti, sijui neno. Huyu mama ndiye alinifundisha, sokoni. Kama Kiswahili yake ni ya Kongo, hata yangu ni ya Kongo."

"Koplo, funga mdomo!" mwendesha mashtaka akafoka.

"Ndiyo, afande. Lakini ni kweli."

Hakimu aliahirisha kesi mpaka mwenyekiti wa kijiji aje kutoka Karambi. Alikuja, akaapa kwamba alimzika baba yake Masika kwa mikono yake. Masika akaachiwa, baada ya siku tisa rumande. Hakuna aliyemwambia pole. Koplo alihamishwa mwezi ule ule. Mimi nilipewa barua ya onyo na kurudishwa Kasese kupanga mafaili hadi nilipostaafu.

Siijutii barua ile. Kinachoniudhi ni hotuba za sikukuu, wakubwa wakijisifu kwamba wametuunganisha. Lini? Tulikuwa tumeshauziana, tumeshaoana, tumeshazikana, Mkonzo na Mteso na Mwacholi, kabla wao hawajafika na mihuri yao kutuuliza tumetoka wapi.