Ukuta Aliokula Ekisa

Saa tisa na dakika ishirini alasiri, juzi, mvua ilipiga ukuta wa jiko langu hapa Amagoro, na harufu ya udongo uliolowa ikanirudishia mdogo wangu Ekisa.

Alikuwa na miaka miwili, mimi tisa. Alikula ukuta wetu wa udongo. Alianzia kona iliyo nyuma ya mtungi, akakwangua kwa kucha na kulamba vidole kwa utulivu wa mtu aliyeandaliwa meza. Tulimwita Mchwa.

“Mama Amoit, huyu wenu atawalaza nje,” jirani alimwambia mama, akimwita kwa jina langu.

Mama alicheka, kisha akanipa kazi: kila nikimkuta ukutani, nimpake pilipili midomoni. Niliifanya bila kukosa hata siku moja.

Tangu mvua zianze alikuwa ameugua malaria mara tatu, na viganja vyake vilikuwa vimepauka kama unga wa muhogo. Mama alimbeba hadi zahanati, nami nikafuata na mwavuli. Muuguzi alimtoboa kidole, akamgombeza mama kwa kuchelewa, akamgombeza tena kwa kadi ya kliniki iliyoingia mafuta, kisha akatoa dawa ya malaria na chupa ya dawa ya kuongeza damu.

“Kijiko kimoja kila siku. Anayefuata.”

Siku ya tatu choo cha Ekisa kikawa cheusi kama lami. Shangazi yangu, aliyekuwa amekuja kutoka Malaba kututembelea, alikiona kwanza.

“Wifi, hebu njoo uone. Hii ni damu imeoza ndani. Mnamuua mtoto na hiyo chupa.”

Mama hakujua kusoma, na hakukuwa na mtu wa kuuliza. Alikuwa mwangalifu; ndiyo maana aliogopa. Aliimwaga dawa yote chini ya ukuta, akaiosha chupa na kuitilia mafuta ya taa.

Kesho yake nilimkuta Ekisa amechuchumaa papo hapo, akichimba udongo uliokunywa dawa yake. Nikampaka pilipili.

Malaria ya nne ilimkuta hana damu ya kupigana nayo. Tulimzika kabla ya kuvuna wimbi.

Miaka mingi baadaye, nikijifundisha Kiingereza kwa kamusi na vile vikaratasi vya ndani ya maboksi ya dawa, nilikuta jambo lenyewe: madini ya chuma yaliyo katika dawa ya kuongeza damu hugeuza choo kuwa cheusi, na hakuna ubaya. Muuguzi yule alikuwa na pumzi ya kugombeza mara mbili. Ya kusema hilo hakuwa nayo.

Juzi, mvua ikinyesha, binti yangu alirudi kutoka kliniki na mtoto wake na chupa ya dawa hiyohiyo.

“Walikuambia choo kitabadilika?”

“Hapana, mama. Wamesema tu kijiko moja.”

Nilitoka na mvua hiyohiyo ikininyeshea, nikaenda hadi kliniki. Nilipomuuliza kwa nini hawakumwambia, kijana wa dirisha la dawa alinitazama kwa upole.

“Mama, hiyo iko kwa karatasi.”

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, herufi ndogo kama mbegu za mchicha. Nyuma yangu benchi lilijaa akina mama.

“Basi wasomee hawa,” nilimwambia. “Kwa Kiswahili. Kwa sauti.”

Alisoma. Haikumchukua hata dakika.

Nilirudi nyumbani. Ekisa hakuwa mlafi. Mwili wake ulikuwa ukitafuta chuma cha kuunda damu mahali pekee kilipobaki, na mlinzi wa ukuta nilikuwa mimi.