Saa Yangu Iliyogoma Kusoma Moyo

Mimi niliishia darasa la tatu, lakini mashine ya kukamua alizeti pale Iguguno ni yangu, na sijawahi kumpigia mtu magoti. Kwa hiyo aibu hii naisema mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine.

Nina presha. Binti yangu alininunulia saa ya kisasa, ile inayohesabu mapigo ya moyo. Mwaka mzima ilisoma vizuri. Mwezi uliopita, wiki moja baada ya garantii kuisha, ikaanza kuonyesha vistari vitupu. Niliogopa kweli. Siku tatu sikunyanyua hata ndoo, nikisikiliza kifua changu kama redio mbovu.

Nikaenda Singida mjini, kwenye duka lililoiuza. Muuzaji, dada mmoja mpole, akaniamkia shikamoo. Badala ya kuitikia nikamfokea mbele ya wateja: "Mnauzia wazee takataka! Garantii ikiisha tu, saa nayo inakufa!"

"Pole, baba. Hebu niione." Akaigeuza. "Mbona hii nailoni ya chini, inayofunika jicho la kusomea mapigo, hukuitoa?"

"Nani anatoa nailoni kwenye kitu kipya? Makochi yangu yana miaka sita, nailoni bado ipo!"

Wateja wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akaibandua ile nailoni, imegandwa na mafuta ya alizeti na vumbi, akanivalisha saa. Vistari vikaondoka, ikaandika mia moja na nne.

"Moyo upo, baba," akasema. "Unakimbia hivyo kwa sababu ya kunifokea."