Mwanatatu na Vitwitwi wa Mtongwe

Siku niliyomwona Mwanatatu mara ya kwanza, tulidhani amekuja kupima ardhi. Maji yalikuwa yametoka, naye alisimama katikati ya tope la Mtongwe na viatu vya mpira vya kijani, buibui amelikunja hadi magotini, darubini machoni. Huku kwetu Likoni mtu akisimama muda mrefu na chombo kama kile, watu huanza kuulizana hati ziko wapi.

Mimi hutunza miche ya mikoko ya kikundi chetu pale ufukweni. Nyamvula, mama anayechimba chambo cha kuwauzia wavuvi, alinisukuma bega.

"Nenda kamuulize, Ruwa. Wewe si mwanamume?"

Nilikwenda na maneno yangu nimeyapanga, lakini nilipofika nilisema tu, "Shikamoo, dada."

"Marahaba. Ila usinizeeshe sana." Hakushusha darubini. "Watazame wale."

Nilitazama, nikaona ndege wadogo wa tope wakikimbia huku na huku, ambao nimewaona tangu utoto.

"Ni vitwitwi tu," nikasema.

"Hata mimi nilikuwa nikisema hivyo hivyo. Vitwitwi tu."

Mwanatatu alikuwa mtu wa Bofu, papo hapo Likoni. Ujanani alifua mashuka ya hoteli upande wa kusini, akaolewa na Mjerumani aliyesilimu kwa ajili yake, wakaenda zao. Huko alifanya kazi ya jikoni katika nyumba ya kutunzia wazee. Mumewe alipenda ndege. Baridi ilipokaribia, alikuwa akimpeleka kwenye tope la bahari ya kwao, akimwonyesha vitwitwi na kumwambia, "Hawa wanakwenda kwenu." Mwanatatu alimcheka. Alidhani anambembeleza asikumbuke nyumbani. Mume alipofariki, ndipo alipoanza kuja Mombasa kila msimu wa baridi ya huko. Yeye na ndege walikimbia baridi moja, na mvua za masika zilipokaribia walirudi.

Shamba la wazazi wake lilikuwa limeshauzwa. Alipanga chumba cha nyuma huko Bofu, dirisha likitazama ukuta wa jirani, akawa anashuka ufukweni kila maji yalipotoka. Nilianza kumbebea kigoda. Tulikaa bila kusema mengi, na hilo lilinifaa. Mimi niliishi peke yangu, sikuwa na mazoea ya mazungumzo. Alinionyesha sululu, yule mkubwa mwenye mdomo uliopinda, jinsi anavyomchomoa kaa shimoni, anamkung'uta miguu ikatoka, kisha anammeza. Siku moja nguchiro alitoka mikokoni akajaribu kumwibia kaa wake, na Mwanatatu akacheka mpaka akashika ubavu.

"Da Mwanatatu," Nyamvula alipiga kelele kutoka kwenye mashimo yake, "hao ndege wakikulipa unigawie!"

"Wananilipa, huoni tu."

"Na huyo mshika kigoda unamlipa nini?"

"Muulize mwenyewe."

Nyamvula aliniuliza. Nilijifanya nafunga kamba ya kiatu, na viatu vyenyewe vilikuwa ndara.

Mwaka huu, mwezi wa tatu ulipokuwa unakwisha, vitwitwi walianza kubadilika. Vifua vyao vya kijivu vilishika rangi ya kutu, wakanenepa, wakawa hawainui vichwa kwa kula.

"Wanafunga safari," Mwanatatu alisema. Kisha akashusha darubini. "Mimi mwaka huu sitaki."

Niligeuka nikamtazama.

"Binti yangu aliyebaki kule ananisukuma nirudi. Anapiga simu asubuhi na jioni, mpaka nimeizima. Lakini siwezi kuzeekea kwenye chumba cha kutazama ukuta. Nitafutie nyumba, Ruwa, inayoona hapa. Nikiipata kabla ya siku ya safari nitamwambia sirudi tena. Nikikosa, tiketi iko."

Niliuliza kila mlango wa Mtongwe, mimi ambaye hata dukani hungoja watu waishe. Siku moja kabla ya safari yake, mzee Jafar alinionyesha chumba cha juu chenye roshani. Mikoko yote ilikuwa chini yetu, na tope, na ndege.

"Kuna kijana wa bandarini anakitaka," alisema Jafar. "Huyo mama unayemtafutia aseme neno kabla ya Magharibi. Akinyamaza, nampa kijana."

Nilikwenda Bofu karibu mbio. Alikuwa na desturi ya kuviacha vile viatu vya kijani mlangoni. Siku hiyo havikuwapo. Nikapiga hodi, kimya. Nikapiga ya pili, kimya. Nikapiga ya tatu. Nimelelewa hivyo: hodi ni tatu, usipoitikiwa unaondoka, maana mwenye nyumba hayupo au hataki mgeni. Mtu mwingine angezunguka nyuma, au angekaa barazani akangoja. Mimi niliona haya kung'ang'ania mlango wa mwanamke. Nikadhani amekwenda kuaga jamaa zake, pengine ameshaamua. Nikashuka kumtafuta ufukweni, nikamkosa, na jua likatua.

Asubuhi nilimkuta mbele ya nyumba, mabegi yameshapakiwa garini. Nikamweleza habari ya roshani, na kwamba usiku kijana wa bandarini alikuwa ameshahamia.



"Nilikuwa ndani," alisema. "Nilikuwa kwenye sala ya Alasiri. Nilizisikia hodi zako zote, na anayesali haitiki. Nilipotoa salamu nikatoka na kanga yangu ya sala, nikauona mgongo wako unaishia pembeni kule."

"Viatu havikuwapo mlangoni."

"Nilikuwa nimeviosha, nimevianika uani. Vichukue, mpe Nyamvula."

"Mbona hukuniita?"

"Niite mwanamume njiani, mtaa mzima unatazama? Niliona haya, Ruwa. Nikasema, angekuwa na habari njema asingeondoka upesi hivyo. Jioni nikawasha simu, nikamwambia binti yangu nakuja."

Nilitaka kusema kwamba nyumba nyingine ingepatikana, kwamba mimi mwenyewe ningeitafuta hata mwaka mzima. Nilitaka kumwambia abaki. Dereva akapiga honi.

Mwanatatu aliingia garini, akafunga mlango, kisha akashusha kioo.

"Ukipiga hodi kwa mtu unayetaka abaki," alisema, "piga na ya nne."