Ollersby wa Likasi

Katika kitabu cha simu cha Brussels cha 1996, Mwadi alikuwa Ollersby wa pekee. Alitunza wazee, mzaliwa wa Likasi, mji wa Katanga, mwanamke mpole mwenye mikono mizito.

Barua ilitoka Uingereza. Edith Ollersby, mwalimu mstaafu wa Kifaransa, alikuwa akitafuta watu wa jina hilo popote walipo. Alikuwa amepata thelathini na wanane, karibu wote wa bonde moja la kaskazini, na jina lenyewe lilitokana na shamba la huko. Aliomba kuonana na ndugu yake wa Brussels. Aliongeza kwamba nyumba yake ina vyumba vingi, na damu yake haitakosa kitanda.

Keren, binti wa Mwadi, alikuwa amekubaliwa kusomea uuguzi huko huko Uingereza. Alikosa pa kulala tu.

“Yaya, Mungu akupe nini tena?” alisema Ghislain kwa Mwadi, dada yake mkubwa. “Sema ule muzungu wa jina letu alizala na nkambo, bibi yetu.”

“Ule muzungu hakuzala hata paka.”

“Bon, azale leo. Nani atamufufua akatae?”

Jumamosi, katika mkahawa wa Galerie d'Ixelles, Edith, aliyekwisha kusoma habari za Keren katika jibu la Mwadi, alitandaza ramani yenye vitone vyekundu, kimoja kwa kila Ollersby. Akauliza: Thomas, fundi wa reli aliyekwenda Katanga, alikuwa babu yako?

Nimewajua wengi wasemao kweli inapokuwa rahisi. Mwadi alikifikiria kitanda cha Keren, kisha akajibu.

“Hapana, Madame. Bibi yangu alishikwa na uchungu njiani, Thomas akampeleka hospitali kwa kiberenge chake cha reli. Mtoto, ndiye baba yangu, akapewa jina lake lote. Kwetu, anayepewa jina ndiye mwenye jina: babu alimwita mwanawe ‘Bwana Thomas’, akamwachia kiti. Thomas alipokufa, baba yangu alinyoa kichwa kama mfiwa. Lakini damu, hakuna.”

Edith alivua miwani.

“Kwetu tuliandika amekufa bila mtu,” alisema. “Kaburi lake linafagiliwa na nani?”

“Alifagia baba. Sasa binamu yangu, kila Novemba.”

Edith alishika kalamu. Katika mti wa ukoo hakumwandika Mwadi. Sheria yake ilikuwa ya kuzaliwa. Ila pembeni ya ramani aliandika Likasi, akaweka hapo kitone cha thelathini na tisa. Kisha akauliza Keren hula nini asubuhi.