Magadi Ndani ya Betri ya Mbalibali

Tak. Halafu kimya. Nimestaafu, na sauti ile bado naisikia. Ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini, na stata ya trekta dogo la bustani ya kijiji cha ujamaa, kule Mbalibali, iligonga mara moja tu, injini isizunguke. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nikiota kuendesha trekta mpaka Musoma huku nikipungia watu mkono. Karakana ya Mugumu ikanichukua niwe msaidizi.

Wilaya ilikuwa na amri yake: mashine inayolala inahamishiwa kijiji kingine. Trekta hilo lilikuwa limelala masika nzima. Akina mama walisimama kando ya matuta ya kabichi na majembe yao, wakimwangalia Fundi Mkuu wetu wa karakana, Mpare mmoja mpole.

Alifungua vifuniko vya betri. Ndani kuna vyumba sita, na kila kimoja kina mabamba ya madini ya risasi yaliyozama kwenye asidi. Kwa kukaa bila chaji yalikuwa yameota utando mweupe. Akachovya haidromita, mrija wa kioo wenye boya dogo. Asidi ikiwa na nguvu, boya huelea. Kwenye chumba cha mwisho likazama kabisa.

"Mzee Marwa, humu uliweka nini?"

Mzee Marwa ndiye aliyekuwa dereva wa trekta. Alijibu bila wasiwasi, "Magadi. Ng'ombe akidhoofu si tunamlambisha magadi? Nilianza na chumba kimoja. Kikachemka, nikajua kimepata nguvu."

Fundi Mkuu aligeukia pembeni, mabega yakamtikisika. Kisha akaeleza taratibu kwamba magadi huua asidi, na kule kuchemka kulikuwa ni kukata roho.

"Basi kilikufa kwa furaha," alisema Mzee Marwa. Akina mama wakacheka mpaka wakaweka majembe chini.

Tukaenda na betri karakana. Tuliimwaga, tukaisuuza kwa maji ya mvua, maana ya kisima yana chumvi, tukatia asidi mpya na kuichaji polepole. Vyumba vitano viliamka. Kile cha magadi kikagoma. Betri mpya haikuwepo, na trekta lilikuwa linakuja kuchukuliwa.

Fundi Mkuu akafungua boneti ya Landrova yake ya kazi, akatoa betri nzima iende kwenye trekta, akafunga ile mgonjwa mahali pake.

"Betri hii haitazungusha stata," aliniambia, "ila cheche itatoa. Mimi nitapiga hendeli, niizungushe injini kwa mkono."

"Mpaka lini, Ndugu Fundi Mkuu?"

"Mpaka wale mama wavune."

Trekta likabaki Mbalibali.

Baadaye nilihamishiwa Tarime, nikafanya kazi chini ya wakuu wengi, wapole na wakali. Vijana niliowafundisha walishangaa mwanamke kujua hendeli vile. Sikuwahi kuwaeleza. Kule Mugumu, Fundi Mkuu mgongo ulikuwa ukimuuma, naye hakuwa mtu wa kulalamika. Basi kila asubuhi nilitangulia karakana peke yangu, nikashika hendeli ya Landrova, kidole gumba upande mmoja na vingine ili isinivunje mkono ikirudi nyuma ghafla, nikazungusha. Injini ikishika, niliiacha ikinguruma imngoje, nikachukua ufagio nikaenda kufagia nyuma.