Jina Nililopeleka Kiritiri

Kila sikukuu ya Jamhuri mimi huketi kiti cha mbele uwanjani kwetu, karibu na Nchiru, kwa kuwa ndimi niliyeandika orodha ya kwanza ya waliopigania uhuru kijijini. Mwaka huu sikuketi. Nilisikia Kaari anaumwa huko Kiritiri, nikaona nikingoja tena nitakuta kaburi.

Kaari ni wa rika langu. Wakati wa vita vya msituni, akiwa msichana mdogo, aliwapelekea wapiganaji viazi vikuu ndani ya mtungi wa maji. Baba yangu alikuwa homugadi, akishika mkuki upande wa Mzungu. Miaka michache baada ya uhuru, wazee walitaka majina ya waliosaidia ili wapewe mashamba, nami, kijana pekee aliyemaliza sekondari, nikapewa kalamu. Mwezi uliotangulia Kaari alikuwa amekataa posa yangu. Alisema mtoni, mbele ya wenzake, kwamba hatampikia mtoto wa homugadi. Wazee walipolitaja jina lake, nilisogeza kalamu juu ya karatasi bila kuigusa. Hawakujua kusoma. Kaari hakupata shamba. Akaolewa huko Kiritiri, nchi ya Mbeere, kwenye ardhi kavu, akalea watoto kwa kuchoma makaa.

Alfajiri nilichuma miraa. Kwetu Meru mwenye kosa haendi mikono mitupu. Hubeba kitita kilichofungwa kwa jani la mgomba, na aliyekosewa akikipokea na kutafuna, neno limekwisha. Lakini miraa haingoji. Ikilala mara mbili, hunyauka.

Jirani yangu anayepeleka ndizi Embu alinipakia kwenye pikapu yake. Alitania kwamba nimevaa koti kama bwana harusi. Nikamjibu kwamba posa hiyo ilikataliwa zamani.

Chuka tulipita katika manyunyu. Watoto wa shule walikuwa wamejibanza chini ya paa la duka, bendera zao za karatasi zikichuruzika maji. Tulivuka mto Thuchi, na saa nne tukawa Embu.

Kutoka Embu nilishuka peke yangu kwa gari la abiria hadi Kiritiri. Huko mvua haikuwa imefika. Kando ya barabara yalikuwa magunia ya makaa, na kila nilipoliona moja niligeuza macho.

Saa saba nilifika kwake. Mkaza mwana wake, Wanja, aliniita guka, yaani babu, akanipa kigoda. Kutoka sokoni kipaza sauti kilikuwa kikiwashukuru mashujaa. Kaari aliketi kivulini mwa ukuta, miguu imevimba.

"Karani," alisema. "Leo umekuja kuandika nini?"

Nilimwekea kitita magotini kwa mikono miwili. Nikamweleza yote: kwamba jina lake lilitajwa, kwamba nililisikia, kwamba nililiacha makusudi kwa hasira ya kukataliwa. Sikumsingizia mtu.

Alifunua jani la mgomba, akatazama miraa, kisha akaniachamia kinywa nione fizi.

"Ungekuja nikiwa na meno."

Wanja alicheka. Alipoona mama mkwe wake hacheki, akanyamaza.

Nilimsihi aonje hata jani moja. Badala yake aliuliza kama bado natembea na kalamu. Alisema hakuwahi kusoma, na hajawahi kuliona jina lake. Nikatoa bahasha ya dawa zangu, nikaliandika kwa herufi kubwa. Alipitisha kidole juu yake polepole.

"Ni hili tu?"

"Ni hilo tu. Herufi tano."

"Nilidhani ni refu," alisema. "Miaka yote nilidhani lilikushinda."

Aliikunja bahasha, akaifunga kwenye pindo la leso yake. Kitita akakirudisha mikononi mwangu, bila ukali, akamwambia Wanja anipe maji ya njiani.

Jioni jirani yangu alinikuta Embu nikiwa nimekipakata. Akauliza, kwa sauti ya chini safari hii, kama nimepokelewa.

"Jina amelichukua," nilimwambia. "Mimi amenirudisha."

Hakutania tena hadi Meru. Siku ya tatu majani yalikuwa meusi, nikayatupa shambani. Nilichojifunza ni kwamba kuandika jina lile kulinichukua muda wa pumzi moja, na pumzi hiyo nilimnyima Kaari maisha yake yote. Mwakani, Mungu akinifikisha, nitasimama nyuma uwanjani.