Jicho la njano, jicho jeupe

Laurence aliweza kuingiza mkono katika kartoni ya samaki wa barafu huku akisalimiana na mtu, na kutoa yule aliyemtaka bila kuangalia. Sijaona mwingine anayefanya hivyo katika soko la Virunga, na nimekaa hapo miaka mingi nikiuza chumvi, sabuni na mawese, meza ya pili kutoka kwake.

Samaki aliyemuuza ni yule mrefu, bapa, anayeng'aa kama bati jipya. Watu wa pwani wanamwita panga. Sisi Goma tunamwita mukaba, kwa sababu ukimshika kichwa akaning'inia unaona kabisa mukaba, yaani mkanda, wa suruali. Anatoka baharini akiwa ameganda, anapita Bunagana ndani ya malori, anashushwa katika depo yenye chumba cha baridi, na asubuhi chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zinamleta sokoni kabla jua halijapata nguvu.

Kwa mtu anayepita, mukaba wote ni mmoja. Laurence alinionyesha tofauti siku moja ambayo wateja walikuwa wachache. Wa kwanza alimwita jicho la njano. Jicho lake ni kubwa, lina duara la njano kama kiini cha yai, pezi la mgongoni lina rangi hiyo kwa mbali, na mwili unazidi kuwa mwembamba mpaka mkia unakuwa uzi. Uti wake wa mgongo una vinundu vigumu, na nyama yake ni nyepesi, inakauka upesi ndani ya mafuta. Wa pili ni jicho jeupe. Huyo ni mfupi kidogo na mnene zaidi, jicho lake ni dogo, na ana mafuta yake mwenyewe hata unaweza kumkaanga bila kuongeza mengi. Mara mojamoja alikutana na wa tatu, ambaye mwisho wa mwili wake hauna uzi, bali kijimkia kilichopasuka kama cha mbayuwayu. Huyo hakumpa jina. Alimuuza mwisho, kwa sababu wateja walidhani ni mukaba aliyekatwa mkia.

Lakini tofauti aliyoijali kuliko zote ilikuwa kwenye ngozi. Ukimshika jicho la njano, ule weupe wake wa kung'aa unabaki mkononi, unametameta mpaka kwenye kiwiko. Jicho jeupe aliyekuja katika kartoni zetu hakuacha kitu. Laurence ni Msabato, na Wasabato hufundishwa tangu utotoni kwamba samaki wa kuliwa ni mwenye mapezi na magamba. Kwake yeye, kile kilichobaki mkononi kilikuwa magamba. Kwa hiyo alitenga. Upande wa kulia wa meza alipanga jicho la njano, kwa watu wa kanisa lake. Upande wa kushoto jicho jeupe, kwa sisi Wakatoliki na kwa yeyote asiyeuliza. Alikuwa hata na visu viwili. Msabato aliyemtamani jicho jeupe kwa sababu ya mafuta yake, Laurence alimkatalia, hata siku ambayo hakuwa ameuza kitu.

Mpango huo haukuanzia kwa wateja. Ulianzia kwa mama mkwe wake, Mukamugema.

Wanawake hao wawili wanatoka kijiji kimoja cha Rutshuru. Vita ilipowatoa huko, mume wa Laurence, Nizeyimana, alirudi kutafuta mbuzi, na watu waliomzika kando ya njia wakaleta koti lake. Wakakaa katika kambi ya Kanyaruchinya chini ya hema. Huko Mukamugema alidhoofika. Maharagwe hayakukaa tumboni. Kambi zilipovunjwa hawakuwa na nyumba ya kurudia, wakapanga chumba katika parseli yetu, kiwanja tunachoishi, nyuma ya ukuta wa mbao unaotutenganisha. Laurence alianza kwa kubeba mizigo kwenye depo, na siku ya kwanza alilipwa vipande vya mukaba vilivyovunjika.

Alivipika. Mukamugema, ambaye macho yake yameingiwa na ukungu, alipapasa sahani na kurudisha mkono.

"Laurence, hii ni nyoka."

"Ni samaki, Mabukwe. Inatoka bahari." Mabukwe ndivyo wanavyomwita mama mkwe kwao.

"Iko na magamba?"

Laurence alichukua kipande kibichi kilichobaki, akakisugua kiganjani, akasogeza mkono karibu kabisa na uso wa mama yule mpaka akaona ule mng'ao.

"Angalia. Kwa jina la Nizeyimana, iko na magamba."

Mukamugema akala. Alikula kesho yake na siku zilizofuata, na baada ya majuma machache tulimwona anatoka nje mwenyewe, akipapasa ukuta, kuota jua na kulalamika juu ya moshi wa makaa yetu.

Inafaa kusema hapa kwamba Laurence hakuzaa. Kwao, mjane asiye na mtoto hana kinachomfunga kwa watu wa mume. Mukamugema naye ana binti, Rosine, ameolewa Bunagana, ana nyumba imara na chumba cha ziada. Rosine alituma ujumbe zaidi ya mara moja. Mama alijibu hivihivi kila mara: "Kwa Rosine nitakuwa mugeni. Hapa niko nagombana na mutu wa kwangu." Laurence alicheka akisikia hivyo, lakini nilimwona pia anavyonyamaza kila ujumbe wa Bunagana unapofika. Hakubaki na mtu mwingine.

Mambo yaliharibika siku ya Ijumaa, siku ambayo Wasabato wananunua chakula cha kupika kabla jua halijazama. Alikuja Darius, mzee wa kanisa lao, seremala mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Papa Darius, leo bibi amekufukuza mpaka ku soko?" Kahambu, mama wa Butembo anayeuza tilapia ya Vitshumbi kwenye meza iliyo kati yangu na Laurence, alimtania.

"Amenituma. Anasema ku Mama Laurence njo kuko samaki ya Wasabato."

"Sawa. Tilapia yangu bado inasali Katolika."

Watu walicheka. Darius pia alicheka. Alimchukua jicho la njano, akamgeuza, akasugua ngozi kwa dole gumba. Kisha akasugua vidole viwili kwa muda mrefu, kama mtu anayepima vanishi.

"Mama Laurence, hii njo magamba?"

"Ndiyo, njo magamba, muzee."

"Gamba iko na ukingo. Unaiinua na kisu. Hii inapakika kama rangi." Alisema polepole, bila kupandisha sauti. "Mimi sijue samaki. Niko nauliza tu."

Laurence alishika kisu. Alinyoosha mkono, na Kahambu, bila kuulizwa, akampa tilapia. Laurence alikwangua kutoka mkiani kwenda kichwani. Magamba yaliruka; moja likanata kwenye shati la Darius, gumu, la mviringo, unaweza kulishika kwa kucha. Halafu alimkwangua jicho la njano. Kwenye kisu ulikusanyika uji wa kijivu, kama majivu yaliyolowa, na chini yake ngozi ilikuwa laini kama ya mtoto. Alimchukua jicho jeupe akakwangua kwa nguvu zaidi. Uji uleule. Alimtafuta hata yule wa mkia uliopasuka, chini kabisa ya kartoni. Uji uleule.

"Kumbe ni kugandamizwa," alisema, kama anaongea na samaki. "Yenye inagandamizwa sana mu kartoni, inaachia rangi yake."

Darius alifuta mikono. "Mimi sitapeleka neno hii ku kanisa. Wateja wako utawaambia mwenyewe." Akanunua tilapia mbili. Kahambu alimpimia bila mzaha wowote.

Alipoondoka, Laurence aliketi juu ya bidon yake, dumu tupu lililopinduliwa.

"Kanisa itanisamehe," aliniambia. "Lakini Mabukwe amekula mwaka muzima. Niliapa kwake na jina ya marehemu."

Nilimwambia kwamba mama haoni vizuri, kwamba angeweza kuacha tu kumpika na kunyamaza.

"Na akiniuliza mukaba iko wapi?"

Nikarudi kwenye meza yangu.

Laurence alifunga meza mapema. Samaki waliobaki aliwarudisha kwenye baridi ya depo, akapita kununua maharagwe na sombe, yaani kisamvu. Nami nilifika nyumbani jua likiwa bado juu ya mabati. Mbao zile hazizuii kitu. Unasikia hata kijiko.

"Leo hakuna harufu ya samaki," alisema Mukamugema.

"Hakuna, Mabukwe. Nataka nikuambie neno."

Akamwambia. Hakuzunguka. Alisema mukaba hana magamba, si wa njano, si mweupe, kwamba kile alichomwonyesha kilikuwa kama rangi, kwamba amejua leo.

Niliacha kumenya viazi.

"Uliapa na jina ya mwana wangu."

"Niliapa."

"Nipe maji."

Nilisikia akisukutua na kutema nje ya mlango, akasukutua tena, kama vile kipande cha kwanza kabisa bado kimo mdomoni. Kisha alisema, kwa sauti ileile anayoulizia chumvi, kwamba Sabato ikipita ataenda Bunagana kwa Rosine.

Maharagwe hakuyagusa, kwa sababu yalipikwa katika sufuria ya mukaba.

Jumamosi walikwenda kanisani kama kawaida, mkono wa mama juu ya bega la Laurence, maana mawe ya volkano katika njia yetu hayamsamehe mtu asiyeona. Walikwenda na kurudi hivyo, mkono begani.

Jumapili asubuhi mfuko wa Mukamugema ulikuwa umefungwa. Basi dogo la Guylain, dereva wa njia ya Rutshuru na Bunagana, hukusanya abiria kando ya soko, na samaki wa Ijumaa hawakuweza kungoja siku nyingine. Kwa hiyo Laurence alibeba mfuko mpaka mezani kwake, akamketisha mama juu ya mfuko huo, akatoa samaki. Aliwapanga wote upande mmoja. Kisu kilikuwa kimoja.

Mteja wa kwanza alikuwa mama wa kwaya yao, anayenunua kila juma.

"Nipimie jicho la njano, wa kati."

Niliona Laurence akiangalia mfuko, kisha mama aliyeketi juu yake.

"Huyu haiko na magamba," alisema. "Na hawa wengine hawako nayo. Nilikosea."

Yule mama aliangalia samaki, akaangalia uso wa Laurence.

"Sasa ile tulikula?"

"Mulikula yenye haina magamba."

"Na ile ya mafuta ulitukatalia bure," alisema, akakunja mfuko wake mtupu, akaondoka. Wa pili alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. Wa tatu hakufika; aliitwa na wa kwanza njiani. Kahambu, ambaye siku hiyo aliuza tilapia kwa watu wote hao, hakuinua macho.

Guylain alipiga honi, akamwita koko, kama tunavyomwita kila bibi kizee. "Koko, tunaenda. Nafasi ya mbele ni yako."

"Ngoja," alisema Mukamugema. Akageukia meza. "Laurence. Niletee hao samaki."

Laurence alimwekea watatu magotini, juu ya plastiki. Mama yule alipitisha vidole polepole, kuanzia kichwa, akagusa meno, akafuata pezi la mgongo mpaka mwisho.

"Huyu mukia yake iko uzi."

"Njo jicho la njano."

"Njo nilikula?"

"Njo ulikula."

Akamshika wa tatu. "Huyu mukia yake imepasuka."

"Hiyo sikukupa hata siku moja."

Mukamugema alisugua vidole kwa vidole, akasikiliza kwa ngozi kile ambacho macho yake hayakuweza kumwonyesha mara ya kwanza.

"Nizeyimana alikuwa anadanganyaka," alisema. "Akichinja mbuzi yangu, anasema imekufa yenyewe. Wewe ulikosea tu. Lakini jina yake usiitie tena mu samaki."

"Sitaitia, Mabukwe."

"Koko, watu wanangoja," Guylain aliita.

"Enda. Nitaenda siku ingine."

Basi likaondoka. Laurence alimnawisha mama mikono kwa sabuni aliyochukua kwangu, kidole kwa kidole.

Tangu hapo Mukamugema anakuja naye sokoni siku nyingi. Akisikia salamu ya Kisabato mbele ya meza, anajibu salamu, halafu anasema: "Mwanangu, hii haina magamba. Pita." Laurence hamkatazi. Anauza nusu ya alivyouza zamani, kwa Wakatoliki na wenye migahawa, na zipo siku anarudi na kartoni karibu nzima. Kahambu amemwambia ajaribu tilapia. Anasema atafikiri, lakini mukaba ndiye samaki anayemjua.

Nyumbani kuna sufuria mbili. Mama anapika yake kwenye moto wake, akipapasa, na hagusi chakula kilichotoka katika ile nyingine. Jioni huwa namsikia akimwita Laurence aonje kama chumvi imetosha. Laurence anaonja. Chakula cha sufuria yake mwenyewe hajaombwa kumwonjesha mtu.

Mfuko wa Bunagana uko chini ya kitanda. Mama akihitaji kitambaa anaufungua, anakitoa, na kuufunga tena.